Saa 72 Hazimngoji Daktari

Kuna kauli ambayo ukiipinga mbele ya watu utaonekana huna utu: aliyebakwa apelekwe kwa daktari. Polisi wanaisema, wenyeviti wa vijiji vya wakimbizi wanaisema, watumishi wa mashirika wanaisema, na wauguzi wenyewe wanaisema huku wakimwonyesha mgonjwa njia ya kutokea. Ndani ya maneno hayo machache mna imani kadhaa zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Kwamba mwili ukichunguzwa utasema kama kweli mtu alibakwa au anasingizia. Kwamba mwenye macho ya kuusoma mwili huo ni daktari peke yake, na muuguzi kazi yake ni kushika taa. Na kwamba muuguzi aliyesomea mahususi kuwahudumia na kuwachunguza waliobakwa ni anasa ya Wazungu, isiyofaa hata kutajwa mahali ambapo watu hupanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya vidonge vya malaria. Nitaonyesha kwamba imani hizo hazina msingi, na kwamba ile ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote.

Tuanze na barabara, kwa sababu sera nyingi huandikwa na watu wasioilipia nauli. Kwa mkazi wa Nyamitanga, kile kilima cha kanisa kuu la Katoliki ng'ambo ya mto Rwizi, kuambiwa "nenda kwa daktari" ni kuambiwa panda bodaboda, vuka daraja, ingia mjini. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara iko hapo, na ndani yake wamo madaktari, wanafunzi wao, na walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Kwa mwanamke wa Juru au Rubondo, ndani ya makazi ya Nakivale wilayani Isingiro, maneno hayohayo yana maana ya kama kilomita 60 za tope au vumbi kulingana na msimu, nauli ya kwenda na kurudi, watoto wa kuachiwa jirani, na maelezo ya kumpa jirani huyo. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 na kuwapokea Watutsi waliokuwa wakikimbia Rwanda. Leo yana zaidi ya watu 150,000, Wakongo wakiwa wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia. Ni mji kwa kila kipimo isipokuwa kwa hesabu ya wataalamu. Mwanamke huyo akiambiwa aanzie polisi achukue fomu, kisha aende kituo cha afya, kituo nacho kimtume kwenye kituo cha ngazi ya nne kwa kuwa huko ndiko aliko daktari, na huko aambiwe daktari yuko semina kwa hiyo ajaribu Mbarara, tusidanganyane kwamba amepewa rufaa. Amepigwa danadana.

Wakati anapigwa danadana, saa inakwenda. Dawa za kumkinga na VVU, zile zinazoitwa PEP, zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zikishaanza humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120, navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kuna sindano ya pepopunda palipo na jeraha, kuna dawa za magonjwa ya zinaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji shahada ya udaktari. Wauguzi wa Uganda ndio wanaogawa ARV kila siku. Wakunga ndio wanaotoa uzazi wa mpango na kuwadunga wajawazito chanjo ya pepopunda. Mkunga huyohuyo tunamkabidhi roho mbili kwa mpigo usiku wa manane, na hakuna anayeuliza shahada yake. Tanzania ilianza katika miaka ya 1960 kuwafundisha madaktari wasaidizi, watu wasio na shahada ya udaktari, na wilaya nyingi zimewategemea wao kwa upasuaji wa kujifungua. Kwa hiyo asiye daktari anaaminiwa kupasua tumbo la mzazi, lakini haaminiwi kuhesabu michubuko na kuandika alichoambiwa. Ajabu hii haitokani na ugumu wa kazi. Inatokana na karatasi.

Karatasi yenyewe Uganda inaitwa PF3A. Tanzania wana PF3 yao, Kenya wana P3, na katika nchi zote tatu imepewa heshima kuliko mwili inaouzungumzia. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kufundishwa jinsi mtu mwenye jeraha linalovuja damu anavyoweza kuulizwa kwanza kama ana fomu ya polisi. Kwa ubakaji madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu jeraha halionekani mlangoni na kwa hiyo hakuna anayeona aibu kumrudisha mtu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2020 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNFPA na UNHCR, kwa ajili ya mazingira hasa kama ya Nakivale, unasema wazi kwamba matibabu hayatakiwi kuwekewa sharti la kuripoti polisi. Maana yake ni kwamba tiba inatangulia na fomu inafuata, tena ikiwa mwenyewe anataka ifuate. Mazoea yetu yameugeuza mpango huu juu chini.

Kwa miaka mingi fomu hiyo ya Uganda ilichukuliwa kuwa mali ya daktari wa polisi au daktari mwingine aliyesajiliwa. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa maafisa tabibu na wakunga waliosajiliwa, na mtu angetegemea mjadala uishie hapo. Haukuisha, kwa kuwa ruhusa bila mafunzo ni mtego. Mkunga aliyeruhusiwa kujaza fomu ambayo hakuna aliyemfundisha kuijaza ataikimbia, na ana haki ya kuikimbia: anajua ipo siku wakili wa utetezi atamsomea neno moja moja alilolichora kwa haraka akiwa na wajawazito kumi barazani. Ndiyo maana wanaotetea hali ilivyo hupenda kusema, "Sheria inawaruhusu, wao wenyewe ndio hawataki." Hawataki kwa sababu wameachwa peke yao. Ninachodai hapa ni zaidi ya ruhusa. Ninadai muuguzi au mkunga aliyefundishwa kazi hii kama kazi, anayetambuliwa kwa jina la kazi hiyo, aliyepo ndani ya makazi, anayeweza kumhudumia, kumchunguza na kumwandikia manusura katika chumba kimoja na kwa siku moja.

Hapa ndipo imani ya kwanza inapojitokeza kupinga. Kazi nzito kama kutafuta ukweli ndani ya mwili, inasema, haiwezi kuachiwa mtu wa ngazi ya chini. Lugha yetu yenyewe imeibeba imani hii. Mtoto aliyebakwa tunasema "ameharibiwa", kama redio au baiskeli, na kitu kilichoharibiwa lazima kioneshe kilipoharibika. Kisipoonesha, basi hakikuharibiwa. Kutokana na neno hilo moja familia nzima hukaa nje ya chumba cha uchunguzi ikisubiri jibu la ndiyo au hapana, na daktari asipoona jeraha, mtoto anarudi nyumbani akiwa mwongo. Sasa tuangalie mwili unasema nini hasa. Mwaka 2004 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Nancy Kellogg na wenzake wa Texas kuhusu wasichana 36 wa umri wa ujana ambao wote walikuwa wajawazito. Hapakuwa na shaka yoyote kwamba waliingiliwa. Tumbo lilikuwa shahidi. Walipochunguzwa, ni wawili tu kati ya hao 36 waliokuwa na dalili za wazi za kuingiliwa. Thelathini na wanne waliobaki, kama wangefikishwa mbele ya watu wanaosubiri "jibu la daktari", wangerudishwa nyumbani. Kizinda ni utando unaonyumbuka na kupona haraka, na umbo lake hutofautiana toka mtu hadi mtu. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UN Women na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, lilitangaza kwamba kupima ubikira hakuna msingi wowote wa kisayansi. India ilikuwa imekwisha kukataa kile kipimo cha vidole viwili kupitia Mahakama yake ya Juu mwaka 2013; Pakistan ikafuata kupitia mahakama ya Lahore mwaka 2021.

Mahakama zetu nazo, jambo ambalo halisemwi vya kutosha vituoni, zimeshaachana na imani hiyo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imetamka, katika uamuzi unaonukuliwa mno na mahakimu wa nchi hiyo, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilipoketi Mombasa mwaka 2006 ilisema kukosekana kwa ushahidi wa kitabibu hakuamui kesi, kwa sababu ubakaji unaweza kuthibitishwa kwa maneno ya mwathiriwa au kwa mazingira ya tukio. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2018 ilikubali kwamba mtu anaweza kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hiyo tunamsafirisha mwanamke kilomita 60 akatafute kitu ambacho mwili wake mara nyingi hauna na mahakama haikilazimishi.

Mtu atauliza basi uchunguzi ni wa nini, na kama haupimi ukweli, kwa nini tuhangaike na muuguzi maalumu. Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha hoja yangu. Uchunguzi ni kumbukumbu. Ni kuandika, mapema na kwa uaminifu, kile ambacho baada ya wiki moja hakitakuwapo: michubuko ya mikono yenye umbo la vidole, maumivu ya shingo, sauti iliyokauka kwa kukabwa, nguo iliyochanika na mahali ilipochanika, matope ya magotini, na maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, yawekwe ndani ya alama za kunukuu. Ni kutumia maneno yenye kipimo: jeraha hili linalingana na maelezo aliyotoa, au halilingani, au laweza kutokana na mambo mengi. Ni kujua kwamba "hakuna jeraha lililoonekana" na "hakuna kilichotokea" ni sentensi mbili zisizo na undugu, na kuieleza tofauti hiyo kwenye fomu ili hakimu asome. Ni kujua vitu vidogo ambavyo kutovijua huua kesi: vijiti vya pamba vikaushwe kwa hewa kabla ya kufungwa, nguo zitiwe kwenye bahasha za karatasi na si mifuko ya plastiki, kwa maana unyevu huotesha ukungu, kila anayepokea bahasha atie sahihi na saa. Kisha, juu ya yote, ni kumwomba mgonjwa ruhusa kabla ya kila hatua na kusimama anaposema basi. Mwili wake umetoka kutendewa bila kuulizwa. Ukimchunguza bila kumuuliza unamrudisha palepale.

Ukiitazama orodha hiyo, ni kazi ya nani kwa asili yake? Ni kukaa na mgonjwa kwa saa mbili tatu bila kuchungulia mlangoni, kusikiliza, kuangalia ngozi sentimita kwa sentimita, kuandika, kupanga siku ya kurudi, kufuatilia kama anameza dawa zinazomtia kichefuchefu hadi siku ya 28. Haya ndiyo yaliyojaa katika vitabu vya uuguzi tangu uuguzi uwe fani. Daktari mmoja mwenye wagonjwa mia anafika, anaangalia anapotazamia pawe na jeraha, anaandika mistari miwili, anaondoka. Simlaumu; ndivyo siku yake ilivyo. Nalaumu mpango unaomwita yeye na kumwacha aliye na muda, au anayeweza kupewa muda.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Kampala na wa Geneva hulitaja juujuu, nami nitalikalia kidogo kwa kuwa linatuhusu wenye lugha. Nakivale inauza na kununua kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kingi ni cha Kivu. Fomu ni ya Kiingereza. Mhudumu wa afya kwa kawaida ni mtu wa Ankole au sehemu nyingine ya Uganda. Katikati hukaa mkalimani, ambaye akikosekana wa kazi hiyo huwa yeyote aliye karibu: mlinzi, jirani, wakati mwingine shemeji wa mtuhumiwa. Mwanamke wa Uvira anaweza kusema "alinishika kwa nguvu", na kwa watu wake hakuna asiyeelewa kwamba amesema alibakwa; mkalimani wa kuokoteza anamwambia mwandishi kwamba mwanamke alikamatwa mkono. Mwingine anasema "alilala na mimi" kwa sababu hawezi kulitamka lile neno jingine mbele ya mwanamume, na fomu inaandika kitu kinachosikika kama mapenzi. Miezi kadhaa baadaye wakili anaichukua fomu ile na kuuliza: shahidi, hapa mbona ulisema mlilala pamoja? Kosa hili halitibiwi na shahada ya udaktari. Linatibiwa na mtu anayeishi na lugha hiyo, aliyefundishwa kuuliza "kwa nguvu vipi, alikushika wapi, ulisemaje" kwa sauti isiyohukumu, na kuandika jibu bila kulipamba wala kulipunguza. Miongoni mwa wakimbizi wenyewe wapo wanawake waliosoma uuguzi Bukavu, Goma na Bujumbura. Kuwaacha wakiuza nyanya huku tukilalamika kwamba hakuna wataalamu ni ubadhirifu ambao hata mwenye duka la rejareja asingeufanya.

Wanaosema fani hii ni anasa wangefaidika kujua ilivyozaliwa. Haikubuniwa na serikali tajiri iliyokosa la kufanyia fedha. Huko Marekani katika miaka ya 1970, wanawake waliobakwa walikuwa wakiachwa kwenye mabenchi ya vitengo vya dharura saa nyingi, kwa kuwa hawakuwa mahututi na madaktari hawakupenda kuitwa mahakamani. Muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom waliwasikiliza wanawake hao katika hospitali ya jiji la Boston na mwaka 1974 wakaeleza kitaalamu jinsi ubakaji unavyoivuruga akili. Wauguzi wa Memphis walianza kufanya uchunguzi wenyewe mwaka 1976, wa Minneapolis mwaka uliofuata. Mwaka 1992 wakaunda chama chao cha kimataifa. Maana yake, fani ilitokana na uhaba: uhaba wa madaktari walio tayari. Mtafiti Rebecca Campbell wa Michigan, aliyezifuatilia programu hizi kwa miaka mingi, amekuta kwamba palipoanzishwa wauguzi wa namna hii kesi husonga mbele zaidi katika ngazi za sheria kuliko zilivyokuwa zikisonga awali. Uhaba ule wa Memphis na huu wa Nakivale ni ndugu.

Nasi hapa hatuanzi na mikono mitupu. Afrika Kusini ilifungua vituo vya Thuthuzela, vya kuwahudumia waliobakwa mahali pamoja, kuanzia mwaka 2000, Rwanda ikafungua Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru mwaka 2009, Zanzibar ina kituo chake cha Mkono kwa Mkono Mnazi Mmoja. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012 chini ya Sheria yake ya Makosa ya Kingono, iliwataja wauguzi waliosajiliwa na maafisa tabibu sambamba na madaktari. Na kule wanakotoka wengi wa wakazi wa Nakivale, Kivu Kusini, Hospitali ya Panzi ya Denis Mukwege imeonyesha kumbukumbu nzuri inavyoweza kufanya kazi: Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilimhukumu mbunge wa jimbo na wafuasi wake kifungo cha maisha kwa ubakaji wa watoto wa Kavumu, baada ya miaka ambayo wenye silaha waliwachukua watoto usiku vitandani mwao na kila mtu akaamini hakuna mkono utakaowafikia. Ni kweli Panzi ina madaktari bingwa. Lakini bingwa ni wa kushona fistula. Faili iliyopangwa vizuri tangu siku mgonjwa alipopokelewa haihitaji kisu.

Pingamizi linalosikika sana baada ya hapo ni la mahakamani: hakimu atamdharau muuguzi. Wanaosema hivi nadhani hawajakaa mahakamani siku nyingi. Sheria ya Ushahidi ya Uganda humwita mtaalamu mtu aliye na ujuzi maalumu katika jambo husika. Inauliza ujuzi, haiulizi cheo. Na katika kesi nyingi za ubakaji na kunajisi nchini humo, PF3A huingizwa kwa makubaliano ya pande mbili mwanzoni mwa kesi, bila aliyeijaza kusimama kizimbani, mara nyingi kwa kuwa amekwisha kuhamishwa. Karatasi inasimama peke yake ikijitetea. Mahali ambapo karatasi ndiyo shahidi, ubora wa ilivyoandikwa una uzito kuliko herufi zinazotangulia jina la mwandishi. Fomu yenye mistari miwili ya daktari aliyeondoka na fomu yenye kurasa za muuguzi aliyefundishwa, hakimu atajua ipi imemsaidia.

La fedha ni gumu zaidi na sitalikwepa. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda wangekatiwa mgao wa chakula. Mtu anayeona watoto wamelala njaa ana haki ya kuuliza mnazungumziaje wauguzi wabobezi. Ila hesabu lazima ifanywe kwa tarakimu. Chama kile cha kimataifa cha wauguzi kinadai mafunzo ya darasani yasiyopungua saa 40 kwa ajili ya kuwahudumia watu wazima, na mengine kama hayo kwa watoto, kisha mazoezi chini ya usimamizi. Saa 40 ni wiki moja ya kazi, wiki mbili ukijumlisha za watoto, kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye orodha ya mishahara. Mkusanyo wa vinasaba, ambao ndio wa gharama, unaweza kusubiri: sampuli hizo hupelekwa maabara ya serikali Wandegeya, Kampala, na mwongozo wa 2020 wenyewe unaonya dhidi ya kukusanya kitu ambacho hakuna uwezo wa kukipima. Kinachobaki ni kalamu, rula, bahasha, dawa ambazo ziko katika miongozo tayari, na mtu anayejua. Linganisha na nauli, mafuta ya gari la wagonjwa na siku za kazi zinazopotea katika kila safari ya Mbarara, bila kusahau mimba na maambukizi ya wale waliochoka njiani. Njaa, kwa bahati mbaya, haipunguzi ubakaji. Mwanamke anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni au kibarua yuko hatarini zaidi. Na ukubwa wa jambo si wa kubahatisha: utafiti wa kitaifa wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono, na hao ni wa nchi nzima, bila kuhesabu vita vya Kongo.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote halitoki kwa wakubwa bali kwa wauguzi. Muuguzi anaishi pale. Mtuhumiwa anajua nyumba yake, ndugu wa mtuhumiwa wanajua saa anayorudi zamu, na kuna mbuzi, kuna bahasha, kuna vitisho, kuna wazee wanaotaka jambo "limalizwe nyumbani". Daktari wa Mbarara yuko mbali na shinikizo hilo. Hili ni kweli, nami sioni njia ya kulifuta kabisa. Lakini umbali unaomlinda daktari ndio unaomzuia mgonjwa kumfikia, na ulinzi wa muuguzi unaweza kupangwa: wasiwe mmoja bali wawili wawili, faili zisikae kituoni, posho na usafiri wa siku ya ushahidi vilipwe kabla na si baada. Mwaka 2013 UNHCR na vyombo vya sheria vya Uganda waliona kwamba mahakama ya Isingiro iko mbali mno kwa wakimbizi, wakaanzisha mahakama inayotembea, hakimu akaenda Nakivale. Hakimu naye ana familia na ana wanaomchukia. Hakuna aliyesema heshima ya sheria itashuka kwa kuketi chini ya turubai la Nakivale. Kama kiti cha hukumu kiliweza kusafiri, sioni kwa nini rula na kalamu vishindwe.

Nimezungumzia wanawake na watoto kama ilivyo desturi, na desturi hiyo nayo ina lawama yake. Wapo wanaume Nakivale waliobakwa Kongo na wenye silaha, na sheria ya jinai ya Uganda inaufafanua ubakaji kama kosa dhidi ya mwanamke au msichana. Tangu sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, mwanaume akieleza alichotendewa anaogopa asije akageuzwa mshtakiwa. Kwake na kwa wanawake wengi waliobakwa kabla ya kuvuka mpaka, saa 72 zilipita zamani, na kumwambia "umechelewa" ni kumfungia mlango wa pili. Makovu yana lugha yake. Mwongozo wa Istanbul wa kuchunguza mateso unaeleza jinsi ya kuyaandika, maumivu ya zamani yana tiba, na ndoto za usiku zina tiba. Daktari anayeitwa kutafuta "dalili mpya" hana la kuandika. Muuguzi aliyefundishwa ataanza kwa kuuliza analalaje.

Chuo Kikuu cha Mbarara kinafundisha shahada ya uuguzi kwenye barabara ya Kabale, ukuta kwa ukuta na hospitali ya rufaa. Walimu wapo, na wodi za mazoezi zipo. Makazi yana kanda tatu, Rubondo, Basekampu na Juru. Wauguzi wawili kwa kila kanda ni watu sita, wawili miongoni mwao wakiwa Wakongo wenye vyeti vilivyokaguliwa na baraza la wauguzi. Darasa la kuwahudumia watu wazima likianza Jumatatu asubuhi linamalizika Ijumaa jioni; la watoto ni wiki inayofuata, kisha mazoezi chini ya usimamizi. Baada ya hapo zinahitajika kabati tatu zenye kufuli, bahasha za karatasi, na barua ya wizara kwa kila kituo cha polisi cha Isingiro inayosema kwamba sahihi ya muuguzi huyo chini ya fomu inatosha, na kwamba mgonjwa asirudishwe Mbarara kutafuta nyingine.